Mzigo Ulikuwa Pemba

Pemba haijapata kuwa na stesheni ya reli. Hapajapigwa firimbi ya treni Wete, wala behewa halijapata kupakuliwa Mkoani. Anayetaka kukumbuka magari ya moshi ya visiwa hivi hana budi kuvuka mkondo aende Unguja, na hata huko atakuta masimulizi na picha za zamani. Lakini historia ya reli za Zanzibar ukiitazama kutoka huku kwetu, kwenye vilima vya mikarafuu, unaona jambo ambalo aliyesimama Forodhani haharakishi kuliona. Reli zilitandikwa kisiwa kimoja, na mzigo ulikuwa kisiwa cha pili.

Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika. Tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilicholibeba zao lile, na kwa miaka mingi karafuu nyingi zilizouzwa duniani kwa jina la Zanzibar zilichumwa Pemba. Miaka michache tu baada ya kimbunga, Sultani Barghash alianza kutandika reli yake. Ilitoka mjini Unguja kwenda Chukwani, kwenye kasri lake la pwani, mwendo wa maili saba hivi. Mwanzo mabehewa yalikokotwa na nyumbu, kisha kikaletwa kichwa cha mvuke kutoka Uingereza. Barghash alifariki 1888 na reli haikudumu baada yake. Siilaumu. Ilikuwa ya mwenye kasri, ikafanya kazi ya mwenye kasri.

Ya Bububu ni habari nyingine, kwa sababu ile ilijengwa kwa biashara. Kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Company ya New York, ndiyo iliyoijenga, na mwaka 1905 treni ikaanza safari kutoka Ngome Kongwe hadi kijiji cha Bububu, maili saba tena. Ilipenya katika njia za mji zilizo nyembamba kiasi kwamba mtu alilazimika kujibana ukutani ipite, kisha ikashika njia ya kaskazini kuelekea mashambani. Ilibeba watu wa mji na wa vijiji vya njiani, na wageni wa meli waliotaka kuona mashamba ya karafuu kabla meli haijang'oa nanga. Serikali iliinunua 1911. Baadaye zikaja barabara na motokaa, abiria wakahama, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 safari za abiria zikakoma. Miaka yake ya mwisho treni ile ilibebeshwa mawe ya ujenzi wa bandari. Ilipofika mwisho wa muongo ule, nayo ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Fedha za serikali ya Zanzibar wakati ule zilitegemea sana ushuru wa karafuu, na karafuu nyingi zilitoka Pemba. Kwa hiyo reli ya Bububu iliponunuliwa, mchumaji wa Pemba alikuwa na mkono wake katika bei ile, ingawa hakuna aliyemwuliza na pengine hakupata hata kuiona treni yenyewe.

Na yeye mzigo wake aliubebaje? Karafuu ilichumwa kwa mkono, mtu akiwa juu ya mti, kikonyo baada ya kikonyo. Jioni watu wazima na watoto walikaa kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, na kila mtu kipimo chake ni pishi. Ikaanikwa juani kwenye majamvi siku kadhaa, na kila wingu lilipojikusanya watu walikimbia kuianua, kwa kuwa karafuu ikilowa hupauka na kushuka daraja. Ikatiwa maguniani. Kisha ikashuka vilima kwa kichwa na kwa punda, ikavuka mabonde ya mpunga yenye matope, mpaka kwenye hori ambako mashua ilingoja maji yajae. Chake Chake, mji mkuu wa kisiwa, uko mwisho wa hori lenye kina kidogo. Maji yakitoka, chombo kinalala kwenye matope. Ndiyo sababu Wesha, iliyo karibu na mdomo wa hori, ikawa bandari yake. Kutoka Wesha, Wete na Mkoani gunia lilipanda jahazi kwenda Unguja, kwa kuwa ni kule lilikopimwa na kutozwa ushuru kabla ya kwenda ng'ambo. Safari yote hiyo gunia halikukanyaga reli hata hatua moja.

Sisemi Pemba ilihitaji treni. Nchi yetu ni ya vilima vifupi na mabonde mengi, na pwani ya magharibi imechanika mahori kila mahali, kiasi kwamba shamba haliko mbali na maji. Huenda mhandisi mkweli angekuja, akatazama, akasema: jengeni magati, tieni kokoto njia za kutoka mashambani, nunueni vyombo vizuri, reli hamna haja nayo. Ningemshukuru. Ninalolisikitikia ni kwamba swali lenyewe halikuanzia kwa mzigo. Lilianzia mjini, kwenye watu waliokuwa karibu na wenye kuamua, na treni ikaenda walikotaka kwenda wao.

Kosa la namna hii lina ndugu yake mkubwa bara, na huyo aligharimu fedha nyingi zaidi. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitembea Afrika Mashariki na ya kati, ukarudi na pendekezo la kulima karanga katika eka milioni 3.2, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Makisio ya gharama yalikuwa pauni milioni 25. Shughuli ilianzia Kongwa, Ugogoni, nchi ambayo wenyeji wake wanajua vema ukame ukoje. Udongo uliokuwa laini wakati wa mvua ukakauka ukawa mgumu, majembe ya matrekta yakakatika, na karanga zilizokomaa zikagoma kung'oka ardhini.

Kusini, Nachingwea, matumaini yalikuwa makubwa zaidi, na huko ndiko reli mpya ilikojengwa. Ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari mpya yenye kina kirefu ikapangwa Mtwara, na reli ya kutoka huko ikaja kuungana na ile ya kwanza pale Ruo. Hesabu ya kila kitu, kuanzia ukubwa wa gati hadi idadi ya mabehewa, ilifanywa kwa karanga ambazo bado hazijapandwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umeachwa. Hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Gati la Mtwara lilifunguliwa 1954, miaka mitatu baada ya karanga kukata tamaa.

Yaliyofuata husimuliwa mara chache, nami nayaona kuwa ndiyo kiini cha habari hii. Reli ile haikufa na karanga. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliendelea kuiendesha, mwaka 1958 likaongeza tawi la kwenda Masasi, na treni za mizigo zikabeba kilichopatikana. Stesheni zikazaa masoko madogo. Lakini kila mwaka vitabu vilionyesha hasara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa imeshapata uhuru, reli ya kusini ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Kwa mhasibu, hukumu ile ilikuwa sahihi kabisa. Reli ilijengwa kwa karanga, karanga hazikuja, reli ifungwe.

Ila wakati vyuma vinang'olewa, wakulima wa Mtwara na Lindi walikuwa wameshapanda mikorosho. Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu na huchukua miaka mingine kadhaa kufikia uzazi wake kamili, kwa hiyo mapato yake hayakuwamo katika vitabu vya mwaka ule wala wa uliofuata. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, kiasi ambacho nchi ilikaa miongo kadhaa bila kukifikia tena, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Mzigo ulikuja. Ulikuta tuta la reli limeota majani. Magunia yakapanda malori, na kwa miaka mingi kila masika barabara ya kusini ilikatika na watu wakakaa wiki nzima wakingoja Rufiji ipungue.

Mpemba haoni ugumu kulielewa hilo. Mkarafuu nao huchukua miaka sita, saba, hata nane kabla ya kutoa chochote cha maana, kisha huishi umri wa vizazi. Baba hupanda, mwana huchuma. Mtu anayepima thamani ya shamba la karafuu kwa mwaka wa tatu ataling'oa lote. Ninaamini hata leo tunapoteza mambo mazuri kwa sababu muda wa mradi ni miaka mitatu au mitano, na muda wa mti ni mwingine. Wafadhili wanaondoka, taarifa ya mwisho inaandikwa, na mche haujafika kiunoni.

Kuna mambo yaliyofaulu huku kwetu, na nadhani siri yake inaonekana. Mwaka 2010 waya wa umeme ulilazwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli pale Wesha, yenye kukohoa na kuzimika. Waya ule ulipowashwa, nyumba, hospitali, maskuli na mashine za barafu za wavuvi tayari vilikuwapo vikiungoja. Hakuna aliyelazimika kukisia.

Na pale ambapo mzigo haukupewa njia ya haki, ulijitafutia. Kwa miaka mingi bei ya karafuu aliyolipwa mkulima na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar ilikuwa ndogo mno kuliko ya soko la nje, na usiku mashua zikapeleka karafuu Kenya. Askari waliwekwa, watu walikamatwa, na magendo hayakwisha. Yalipungua sana serikali ya Awamu ya Saba ilipoamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya dunia. Njia ya magendo ilikuwa taarifa ya wazi kabisa ya uchukuzi, iliyochorwa na wakulima wenyewe, kama mtu angetaka kuisoma.

Siku hizi yanasemwa tena maneno ya reli ya kusini, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kwa ajili ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Pemba nayo ina mipango yake ya barabara, bandari na uwanja wa ndege. Nayatakia mema yote. Ningependa tu wapangaji wakae kwanza na wazee wa Nachingwea, Masasi na Ruo, waliopakia magunia kwenye treni zile wakiwa vijana na sasa umri umewatupa mkono. Wawaulize ni mwezi gani mabehewa yalikwenda yamejaa na mwezi gani yalikwenda matupu. Wawaulize mkulima alitembea saa ngapi kufika stesheni, gunia lilikaa kwenye jukwaa masiku mangapi, na stesheni ilipofungwa nani aliuza shamba akahama. Wakimaliza waje Pemba, waende Mtambile na Konde wakati wa mavuno, wafuatane na gunia moja kutoka jamvini hadi kituo cha kununulia karafuu, na walibebe wao.