Je, Wajua? Uhuni wa Jana

Je, wajua kwamba taarabu, ambayo leo watu huikatia sare, ilianza Unguja kama starehe ya kasri? Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliipenda kwa mtindo wa Misri, na iliimbwa Kiarabu. Akatokea Siti binti Saad wa Fumba, binti wa wafinyanzi aliyewahi kuuza vyungu mjini, akaiimba Kiswahili. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Je, wajua kwamba Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli? Hata leo wapo wanaobeua midomo: “Sanaa ya watalii hiyo.”

Je, wajua kwamba kuanzia 1 Januari 1969 sketi fupi ilikuwa balaa Tanzania? Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana: marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua. Kisa? Eti uzungu. Basi sikia kichekesho. Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwahimiza Wamasai waache rubega wavae suruali! Binti wa Dar akaambiwa amezidisha uzungu, Mmasai akaambiwa bado haujamkolea. Fundi cherehani gani angewashonea hao wakubwa nguo ikawakaa?

Je, wajua kwamba Mobutu wa Zaire naye alipiga marufuku suti na tai, akaleta abakosti? Vijana wa Kinshasa wakajibu kwa usapea, mavazi ya wabunifu wa Paris kuanzia kola hadi soksi.

Je, wajua kwamba Bongo Fleva iliitwa “muziki wa kihuni”? Basi msanii wake Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa kura za Mbeya Mjini, mwenzake Profesa Jay akamfuata 2015 kutoka Mikumi. Waheshimiwa.

Je, wajua kwamba mapigo ya singeli, muziki wa Manzese na Tandale, hupita 200 kwa dakika? Kwenye harusi moja Sinza nilimsikia shangazi wa bwana harusi akimsihi DJ aondoe “makelele ya vigodoro.” Kufika saa sita usiku viatu vyake vilikuwa mkononi, kilemba sijui kimeangukia wapi, na DJ ndiye aliyekuwa akiomba apumzike.