Fahamu: Homoni zilizomo kwenye samadi
Kila ng'ombe, hasa mwenye mimba, hutoa estrojeni kwenye mkojo na kinyesi. Hilo ni la kawaida. Balaa huanza wanapofungiwa maelfu kwa maelfu, kama kule Nebraska, Marekani, ambako wengi hupachikwa vidonge vya trenboloni, homoni bandia, chini ya ngozi ya sikio ili wanenepe upesi. (Ulaya ilishapiga marufuku mchezo huo tangu miaka ya 1980.) Mvua husomba samadi yenye homoni hizo hadi mtoni. Utafiti uliochapishwa 2004 ulikuta samaki madume wenye korodani ndogo katika Mto Elkhorn, huko huko Nebraska. Tiba ipo, tena rahisi: samadi igeuzwe mboji. Rundo likipinduliwa na kupata hewa, hupanda joto, na bakteria huvunja sehemu kubwa ya homoni. Lakini samadi ikiachwa kwenye bwawa la kinyesi, trenboloni hudumu miezi.