Faneli Ndogo ya Stovu: Hewa Nayo Yataka Njia

Anayepika kwa stovu ya mafuta ya taa katika chumba kimoja, iwe Kiandutu pale Thika au Kimbo upande wa Ruiru, hukumbana na shida ile ile kila mafuta yanapokwisha. Shimo la tangi ni dogo, mdomo wa mtungi ni mpana, na sakafu inayosubiri matone ndiyo atakayokalia mtoto jioni. Faneli lazima. Lakini faneli nyingi za dukani zilitengenezewa kazi nyingine: ile ya gari haiingii kabisa, na ile ya jikoni huingia kwa kusukumwa, kisha mafuta yanagoma kushuka.

Jambo hili si dogo. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 7.8 ya kaya za Kenya zilitegemea mafuta ya taa kupikia, wengi wao wakiwa watu wa mijini, wapangaji wanaonunua mafuta ya shilingi chache kwa wakati. Tangu Septemba 2018 serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli, kila tone linalomwagika linauma mfukoni. Wapo pia wanaobeba stovu mgongoni kwenda kupiga kambi Kilimambogo au Mlima Kenya. Shimo lao la kujazia huwa dogo vilevile, na wanajaza wakiwa wamechuchumaa kwenye nyasi, upepo ukivuma.

Basi kwa nini mafuta husimama ndani ya faneli? Watu husema imeziba, lakini ukiitazama juani haina hata chembe ya uchafu. Kinachozuia mafuta ni hewa. Tangi tunaloliita tupu limejaa hewa, na kila mililita ya mafuta inayoingia inadai mililita moja ya hewa itoke. Shingo ya faneli ikibana shimo pande zote, hewa inabaki na njia moja tu: kupanda kupitia mafuta yenyewe. Ukitazama kwa karibu utaona mafuta yanashuka kidogo, yanasita, povu moja linapanda likipasuka, yanashuka tena. Shingo ikiwa nyembamba zaidi, hata povu hilo halipandi. Mafuta yanatulia juu, hewa imenaswa chini, na kila upande unamzuia mwenzake.

Hapo ndipo mafuta mengi humwagika. Mjazaji akichoka kungoja huinua faneli kidogo. Hewa inachomoka kwa mkupuo, mafuta yote yaliyokuwa yamesimama yanaporomoka pamoja, na kama tangi lilikuwa limekaribia kujaa, ziada inatapakaa juu ya stovu. Mkono wa mtu hauna kosa. Umbo la faneli ndilo lililomficha tangi linahitaji kiasi gani.

Dawa yake ni shingo iliyo nyembamba kuliko shimo, ibaki nafasi ya hewa pembeni. Kwa shimo la sentimita 2, shingo yenye upana wa nje wa milimita 12 au pungufu inatosha vizuri. Baadhi ya faneli za plastiki zina mbavu ndogo nje ya shingo. Wengi hudhani ni mapambo, kumbe ndizo zinazoiachia hewa mwanya. Faneli isiyo na mbavu inaweza kusaidiwa kwa kipande cha waya kilichokunjwa na kuning'inizwa kati ya shingo na ukingo wa shimo.

Lakini je, shingo nyembamba haitachelewesha kazi? Evangelista Torricelli, Mwitaliano wa karne ya 17, alionyesha kuwa kasi ya kioevu kinachotoka kwenye tundu hutegemea kina chake juu ya tundu hilo. Upana wa tundu huamua kiasi kinachopita tu. Ukiupunguza kwa nusu, kutoka milimita 12 hadi 6, kinapita kama robo. Ni punguzo kubwa, ila kwa kazi ya stovu linavumilika: kwa shingo yenye uwazi wa milimita 6, na faneli ikishikiliwa ikiwa na mafuta ya kina cha kama sentimita 10, nusu lita hupita chini ya nusu dakika. Ukilinganisha na muda unaopotea kungojea povu, nyembamba ndiyo ya haraka.

Mafuta ya taa yana tabia nyingine ambayo maji hayana. Ngozi ya juu ya maji huvutana kwa nguvu, ndiyo sababu tone la maji hukaa duara juu ya jani la nduma. Mvutano huo katika mafuta ya taa ni kama theluthi tu ya ule wa maji, kwa hiyo yanatambaa, yanapenya kwenye maungio, yanageuka ukingoni na kufuata upande wa nje wa chombo. Faneli ya bati iliyokunjwa bila kulehemiwa inaweza kushika maji vizuri na bado ivujishe mafuta. Ncha ya shingo nayo ikatwe mshazari, kama zile za kioo za maabara, ili tone la mwisho likusanyike sehemu moja na kudondoka badala ya kuzunguka ncha nzima na kupanda kwa nje.

Nikitaja maabara nakumbuka jambo linalonifurahisha katika kazi ya mafundi wa jua kali. Fundi akikata nusu duara ya bati na kuunganisha kingo zake, anapata koni yenye pembe ya nyuzi 60. Hiyo ndiyo pembe ya faneli za kawaida za maabara, kama zile ambazo wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT pale Juja, katikati ya Ruiru na Thika, huwekea karatasi ya kuchujia. Na hesabu yake ni nyepesi: umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni ndio utakaokuwa upana wa mdomo wa koni. Umbali huo ukiwa sentimita 8, mdomo nao huwa sentimita 8.

Kuhusu moto sitazunguka. Mvuke wa mafuta ya taa huanza kuweza kushika moto mafuta yakifika nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, joto ambalo stovu iliyozimwa sasa hivi inalizidi sana. Ipoe kwanza. Petroli haingoji: mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na ikiingia kidogo tu kwenye mafuta ya taa, inaishusha ile 38. Mtungi au faneli iliyopitisha petroli ya bodaboda isiguse mafuta ya stovu kamwe. Wala tangi lisijazwe hadi pomoni, kwani lita moja ikipata joto zaidi kwa nyuzi 30 huvimba kwa mililita zipatazo 30, na zitatafuta pa kutokea.

Chupa ya soda iliyokatwa shingo hutumika sana kama faneli. Mdomo wake una upana wa nje wa kama milimita 28, kwa hiyo kwa shimo la sentimita 2 haufai. Ninachohofia zaidi ni mafuta kuwekwa kwenye chupa nzima. Mtoto huiona soda. Akinywa, asitapishwe, kwa kuwa madhara makubwa hutokea mafuta yakiingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa wapanda mlima kuna sababu nzuri ya kuvumilia usumbufu huu wote. Buteni, gesi ya mitungi mingi midogo, huchemka karibu na nyuzi 0, na usiku wa baridi kali mlimani hugeuka mvuke kwa shida, moto ukififia. Stovu ya kupampu, aina ya Primus iliyobuniwa Stockholm mwaka 1892, huendelea kuwaka. Lakini tundu lake la kutolea mafuta halifiki nusu milimita, na chembe moja ya kutu hulifunga. Faneli ya safari basi iwe na kichujio cha wavu mwembamba, jambo ambalo stovu ya tambi ya nyumbani haidai sana.

Ukienda kwa fundi, beba kifuniko cha tangi lako apime shimo kwa kifaa chenyewe. Mwombe mdomo wa sentimita 8, shingo nyembamba kuliko shimo, waya uliolehemiwa kwa nje, na ncha ya mshazari. Ipake rangi nyekundu ili mtu asije akaitumia kumiminia maziwa. Na kama ni ya kambini, ifunge peke yake kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu unga ukishanusa mafuta ya taa, ugali wake hauliki.