Utambuzi wa Saratani Iliyosambaa Mifupani kutoka Chanzo Kisichojulikana: Mpangilio wa Vipimo Dar es Salaam

Saratani nyingi zinazoonekana mifupani kwa watu wazima hazikuanzia mifupani. Chanzo huwa zaidi ni titi, tezi dume, mapafu, figo au tezi ya thairoidi. Ugumu hutokea pale maumivu ya mfupa yanapokuwa dalili ya kwanza.

Chukulia, kwa mfano, mvuvi mzee wa Msasani anayeumwa mgongo. Maumivu hayo huhusishwa kwa urahisi na kazi ya kuvuta nyavu. Eksirei ikionesha pingili iliyoharibika, kifua kikuu cha uti wa mgongo hushukiwa mapema. Picha hiyo hutoa fununu: kwa kawaida kifua kikuu huharibu diski iliyo kati ya pingili, ilhali saratani mara nyingi huiacha salama. Hata hivyo, fununu si uthibitisho.

Suala la msingi ni kipimo kipi kitangulie. Rougraff na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993, waliwachunguza wagonjwa 40 wa aina hii kwa historia ya ugonjwa, uchunguzi wa mwili, vipimo vya maabara, eksirei, skani ya mifupa na CT. Chanzo kilibainika kwa wagonjwa 34, sawa na asilimia 85. Eksirei ya kifua peke yake ilibainisha 17.

Utaratibu huo haupaswi kunakiliwa bila marekebisho. Nchini Tanzania, saratani inayoongoza kwa wanaume ni ya tezi dume. Kwa hiyo, kwa mvuvi huyo, uchunguzi wa tezi dume na kipimo cha damu cha PSA viambatane na eksirei ya kifua tangu mwanzo. Kwa mwanamke, uchunguzi wa matiti utangulie. CT hufuata pale chanzo kinapobaki fumbo.

Kinyama huchukuliwa baada ya hatua hizo, kwani uvimbe uliotoka kwenye figo huweza kuvuja damu nyingi, na mtaalamu wa patholojia huhitaji kuelekezwa.

Hatua za awali zikikamilika kabla ya rufaa ya Muhimbili au Ocean Road, muda huokolewa. Muda huo una thamani: pingili ikiporomoka na kukandamiza neva, mgonjwa huweza kupooza, ilhali saratani ya tezi dume, hata ikiwa imesambaa, mara nyingi huitikia tiba ya homoni.