Mkwaruzo wa Ugenini Haunyooshwi Kariobangi

Katika karakana za Kariobangi Light Industries, mlango wa gari uliobonyea si janga. Fundi wa bodi huugonga kwa ndani hadi urudi mahali pake, akaujaza pati, akausugua kwa msasa na kuupulizia rangi, na malipo ni yale waliyoelewana na mwenye gari. Mtu aliyezoea mazingira hayo hukadiria gharama ya mkwaruzo kwa kuutazama tu. Ni maarifa ya thamani, lakini humponza anapotua Dubai, London au Johannesburg na kusimama mbele ya kaunta ya magari ya kukodi. Pale uwanja wa ndege, mbali na siku zake za kuendesha gari, msafiri ananunua pia mpango wa nani atabeba hasara gari likiguswa. Bei ya siku hutangazwa kwa herufi kubwa. Hasara imeandikwa ndani ya mkataba, na nashikilia kwamba hesabu ya msafiri ianzie huko.

Tuuchukue mkataba wenyewe. Barani Ulaya, kwa kawaida bei ya kukodi huja na kitu kinachoandikwa CDW. Wengi hukichukulia kuwa bima kamili, ilhali ni ahadi ya kampuni kwamba haitamdai mkodi gharama yote ya uharibifu, ila kiwango cha kwanza ambacho atakibeba mwenyewe. Kiwango hicho mara nyingi huzidi yuro 1,000, na hudaiwa hata pale gari lilipogongwa likiwa limeegeshwa na aliyeligonga akatoweka. Mikataba mingi huacha nje magurudumu, vioo, paa na tumbo la gari, yaani sehemu zile zile ambazo mawe na kingo za barabara huzigusa kwanza. Kisha kuna gharama ambazo fundi wa Kariobangi hamwandikii mteja wake: ada ya kushughulikia faili la ajali, na fidia ya siku ambazo gari litakaa karakana bila kukodishwa. Wala mkodi haruhusiwi kulipeleka kwa fundi amtakaye, kwa kuwa gari si lake. Ndiyo maana bampa ambayo hapa ingemalizwa mchana mmoja inaweza kumgharimu ugenini zaidi ya kodi ya wiki nzima. Marekani ni kugumu zaidi: ulinzi huo mara nyingi huuzwa kando, na asiyeununua anaweza kudaiwa thamani ya gari zima.

Hasara hiyo ndiyo sababu ya amana. Kampuni huizuia kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na hapa ndipo Wakenya wengi hukwama, maana fedha zetu zimo kwenye simu. Kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa na Safaricom pamoja na Visa mwaka 2022, imerahisisha malipo ya mtandaoni, lakini ni kadi isiyoshikika mkononi, na kaunta huomba kadi ya plastiki. Msafiri anaweza kuwa amelipia gari lote akiwa Nairobi na bado akanyimwa funguo. Mwenye kadi ya kawaida ya benki, kampuni ikiikubali, hana nafuu kubwa: kinachozuiwa ni fedha zake mwenyewe, zile alizotegemea kwa chakula na malazi. Dubai amana hiyo huweza kukaa wiki kadhaa baada ya gari kurudishwa, kwa sababu faini za kasi na tozo za Salik, mfumo wa malango ya barabara ulioanza mwaka 2007, hufika kwa kampuni baadaye. Na mashine ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi, chagua sarafu ya nchi uliyomo. Ubadilishaji wa pale kaunta kwa kawaida huwa na bei mbaya.

Karatasi zenyewe si tatizo kubwa. Mgeni anaweza kuendesha Uingereza kwa leseni ya Kenya hadi miezi 12. Kwenye Falme za Kiarabu abebe pia kibali cha kimataifa, ambacho hapa hutolewa na AA Kenya na hakina nguvu bila leseni. Kosa lililo ghali ni kudhani kwamba bima ya gari la nyumbani inamfuata dereva. Hata ile Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvukia mipaka inayotambulika mpaka Tanzania iliyojiondoa kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000, hufuata gari lililokatiwa, na hulipa madai ya mtu wa tatu na matibabu ya waliomo, si uharibifu wa gari lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba ulinzi unaouzwa kaunta ni ulaji, na kwamba mjanja hukataa. Ghali ni kweli, na bima ya kando ya kufidia kile kiwango cha kwanza mara nyingi ni nafuu. Lakini bima hiyo hukurudishia baada ya wewe kulipa, kwa hiyo amana bado itahitajika, na asiye na akiba hawezi kuitegemea. Wengine watasema kampuni kubwa haziwezi kumbambikia mteja mkwaruzo wa zamani. Mwaka 2015 mamlaka za kulinda wateja za Umoja wa Ulaya, zikiongozwa na ile ya Uingereza, zililazimika kuzitaka kampuni tano kubwa ziahidi maelezo bora ya bei, ya bima na ya ukaguzi wa gari. Malalamiko yasingekuwa mengi, hatua hiyo isingechukuliwa. Basi lipige gari picha pande zote kabla ya kuondoka, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Pingamizi ninalolikubali ni la anayeuliza kama gari linahitajika kabisa. Kwa anayezunguka katikati ya Dubai au London, treni zinatosha.

Anayelihitaji afungue masharti ya kampuni akiwa bado nyumbani, atafute tarakimu mbili: amana itakayozuiwa, na hasara atakayobeba mwenyewe. Kampuni isiyozionyesha kabla ya kupokea fedha zako, usikodi kwake.