Maana ya Rangi ya Kijani kwa Waislamu wa Pwani

Mtu apitaye Malindi au Mambrui wakati wa Maulidi huona bendera za kijani zikipepea, na jeneza lipitapo njiani mara nyingi huwa limefunikwa kitambaa cha rangi hiyo hiyo. Watu wengi hudhani kwamba dini imeamuru hivyo. Sivyo. Hakuna aya iwaamuruyo Waislamu kutumia kijani. Nguo aliyoisifu Mtume ni nyeupe, na kwa sababu hiyo kanzu ya Ijumaa ni nyeupe, na sanda ni nyeupe. Hata bendera ya Sultani wa Zanzibar, iliyopepea pwani hii mpaka mwaka 1963, ilikuwa nyekundu.

Basi heshima ya kijani yatoka wapi? Yatoka katika ahadi. Sura ya Al-Kahf, aya ya 31, na sura ya Al-Insan, aya ya 21, zaeleza ya kuwa watu wa Peponi watavaa hariri ya kijani. Na Ar-Rahman, aya ya 76, yataja matakia ya rangi hiyo. Kurani ilishuka katika nchi ya jangwa, ambako jani bichi ni dalili ya maji, na maji ni uhai. Kwa Kiswahili pia, neno kijani limetoka katika jani.

Maana nyingine ni ya hapa duniani. Sura ya Al-Hajj, aya ya 63, yawataka watu watazame jinsi Mungu ateremshavyo maji kutoka mbinguni, ardhi ikageuka kijani. Na katika sura ya Yusuf, mfalme wa Misri aliota mashuke saba mabichi na mengine makavu. Nabii Yusufu akafasiri habari ya miaka ya neema na miaka ya njaa, akashauri nafaka iwekwe akiba.

Wakulima wa Kilifi hawana haja ya kufumbuliwa fumbo hilo. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu. Huko Ganze na Magarini mahindi yalikauka shambani na mifugo ikafa. Katika dhiki kama hiyo wengine hukata miti wachome makaa, na nchi huzidi kuwa tupu.

Mtume alifundisha kwamba mtu apandaye mti, kisha ndege, mnyama au binadamu akala matunda yake, huandikiwa sadaka. Bendera ya kijani hupauka kwa jua la mwaka mmoja. Mwembe uliopandwa vizuri huwatia kivuli wajukuu. Aipendaye rangi hiyo kwa kweli, na aipande.