Nyumba ya Mji Mkongwe ndani ya kompyuta

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Maskati. “Shikamoo ami. Fedha ninazo. Nataka bibi ajengewe choo na bafu ghorofa ya pili, asiwe anateremka ngazi usiku.” Bibi anayemkusudia ni shangazi yangu, ambaye miguu yake imechoka na ngazi zetu ni za kusimama wima. Akataka nimpelekee ramani ya nyumba. Ramani! Nyumba ile ya marehemu babu yetu, chini na ghorofa mbili, haikuwahi kuwa na ramani. Waashi walioijenga waliichukua vichwani mwao, wakaenda nayo.

Basi nikaamua kuichora mwenyewe. Kijana mmoja wa hapa kazini alinitilia katika kompyuta programu iitwayo Sweet Home 3D, iliyotolewa mwaka 2006 na Mfaransa Emmanuel Puybaret. Unaweza kuipata bure, na ukishaitia haikudai intaneti. Juu ya kioo unachora kuta kama ndege anayeitazama nyumba kutoka angani. Chini yake nyumba inainuka yenyewe, unaweza hata kuingia na kutembea vyumbani.

Lakini kazi inaanza na futikamba, si kompyuta. Usidhani chumba cha Mji Mkongwe kina pembe nne sawasawa. Pima kila ukuta, kisha pima kona kwa kona, huku na huku. Vipimo hivyo viwili vikipishana, chumba kimekaa upande. Ukumbi wetu ulipishana kwa sentimita 19, na watu tumeishi humo miaka yote hiyo bila ya kujua. Unene wa ukuta upime mlangoni au dirishani. Chini nilipata sentimita 61, ghorofa ya kwanza 52, ya pili 45. Mwashi hakukosea, ukuta wa mawe na chokaa hupunguzwa kadiri unavyopanda, ili wa chini usilemewe.

Sasa tupande ghorofani, maana huko ndiko nilikoaibika. Ukimaliza chini unaiambia programu iongeze ghorofa, nayo inakupa ukurasa mtupu ambamo kuta za chini zinaonekana kwa mbali, kama kivuli, upate kuzifuata. Ila programu ina mazoea yake. Usipoikataza, inaweka sakafu ya ghorofa unene wa sentimita 12. Sakafu yetu ni boriti za mikoko, juu ya boriti mawe, juu ya mawe chokaa iliyopigwa. Niliipima pale inapotobolewa na ngazi nikapata 38. Nami sikubadilisha kitu. Kila ghorofa ikapungukiwa na sentimita 26, nyumba nzima ikawa fupi kwa zaidi ya nusu mita, na ngazi yangu ikachomoza juu ya sakafu hewani, haina pa kufikia. Nilipoteza siku mbili nikiilaumu ngazi. Dawa yake ilikuwa kufungua kila ghorofa na kusahihisha unene wa sakafu na kimo chake kutoka ardhini, moja baada ya moja, kuanzia chini.

Kama ningekuwa nachora mojawapo ya majumba ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nadhani ningemaliza jioni moja: unachora ghorofa moja, unainakili, unapandisha. Nyumba ya Mji Mkongwe kila ghorofa ina habari yake. Kitu kimoja tu hakibadiliki, nacho ni upana wa vyumba. Boriti ya mkoko ina urefu wake. Chumba hakizidi sana mita tatu, kirefu kitakavyo kwenda upande wa pili.

Hatimaye nikaweka bafu la bibi. Lilipendeza, na vigae vyeupe. Nikamwita fundi mmoja mzee, mwashi wa chokaa, aje atazame. Alivaa miwani, akanyamaza, kisha akagusa kile kivuli cha kuta za chini kwa kidole. “Mwanangu, ukuta huu wa bafu unakalia nini?”

Haukukalia kitu. Ulikuwa katikati ya chumba cha chini yake, juu ya boriti tupu. Na nilikuwa nimepanga tangi la lita 1,000 juu ya bafu, yaani tani nzima ya maji bila ya kuhesabu tangi lenyewe. Programu haikusema neno. Inajua urefu, upana na kimo. Uzito haiujui, wala haijui kwamba maji yakivuja katika ukuta wa chokaa na udongo yanauozesha kimya kimya, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani vinaoza navyo.

Sihitaji kuwakumbusha tarehe 25 Disemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa.

Tumelihamisha bafu. Sasa limo pembeni, kuta zake mbili zimefuata kuta nene zinazotoka chini, bomba linashuka nje upande wa uwani ambako litaonekana likivuja, na tangi limewekwa ardhini na pampu yake. Mchoro nimeupiga chapa, ghorofa moja kwa kila karatasi, ili kwanza mhandisi auhakiki kwa hesabu zake, kisha uende Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani bila ya kibali chao hatuthubutu kugusa jiwe. Kijana wa Maskati amelalamika kuwa bafu limekuwa dogo. Shangazi hakulalamika, ameuliza tu kama kutoka kitandani mwake ni hatua ngapi. Nikazihesabu ndani ya kompyuta, kisha nikazihesabu chumbani kwake. Ni kumi na moja.